Damu ya Babu, Mikono ya Shangazi

Kwetu kila jambo jema alilo nalo mtu limetoka kwa babu. Ukiwa mrefu, ni babu. Ukikumbuka njia ya kisima uliyopita ukiwa mtoto mgongoni mwa mama, ni babu. Ukikataa kukubali kwamba umekosea hata pale ushahidi umekaa mbele yako unakunywa chai, hilo nalo ni babu, na hapo wazee hutikisa vichwa kwa furaha na kusema Maashallah, damu haipotei. Mabaya yote yaliletwa na wanawake walioolewa. Uvivu uliingia na nyanya mmoja. Meno ya kupandana yaliingia na mke wa ami. Ulimi wangu mimi, ambao baba alisema ungefaa kuchuna ngozi ya ngamia, ulitoka kwa mama.

Babu mwenyewe simjui. Alikuwa babu wa baba yangu, mtu wa ngamia, na alikufa kabla lami haijafika Garissa. Ila elimu hii ya damu yake ina kasoro ndogo. Mama yangu naye alikuwa mjukuu wa babu huyohuyo, kwa maana yeye na baba ni watoto wa ndugu wawili. Mke wa ami alikuwa binamu wa ami. Nyanya mvivu alikuwa binti wa dada yake babu. Tumeoana wenyewe kwa wenyewe tangu zamani, mifugo isitoke nje na siri isitoke nje, kwa hiyo hao wanawake walioleta mabaya kutoka mbali walitoka mlango wa pili. Nyani haoni kundule, na nyani wetu alikuwa amelikalia.

Mimi hufundisha baiolojia katika shule moja ya upili hapa mjini. Usidhani kwamba chumba cha walimu kina hekima kuliko nyumbani. Wenzangu wengi ni watu wa bara, wale ambao wazee wetu bado husema wametoka Kenya, kana kwamba sisi tuko mwezini. Mwalimu wa hesabu huniambia kila muhula kwamba biashara kwa Wasomali iko kwa damu. Binti yake mwenyewe, aliyezaliwa na baba na mama wa milimani lakini akakulia katika vichochoro vya mtaa wetu, huteta bei ya nyanya kwa Kisomali mpaka muuzaji anamwita Mungu. Siku moja nilimwuliza baba yake damu hiyo ameipata duka gani. Akanijibu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwalimu wa dini akamjibu kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wakatazamana kama watu waliomaliza mjadala, wakamwaga mashapo ya chai, wakaenda madarasani.

Sasa niseme kuhusu masikio. Katika kila kizazi cha nyumba yetu huzaliwa viziwi. Si wengi, mmoja hapa, wawili pale, na kila mmoja ana hadithi yake. Eddo, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alizibwa masikio na radi. Mjomba fulani alitazamwa kwa jicho baya na jirani asiye na mtoto. Binamu mmoja alipigwa teke na ngamia, ingawa aliyepigwa hasa ni mama yake, tena kabla hajamzaa. Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye ninayetaka kumsimulia, aliharibiwa na kelele za helikopta zilizokuwa zikienda kambini Dadaab. Radi, jicho, ngamia na helikopta, vyote viliijua nyumba yetu na kuruka nyumba nyingine zote za mtaa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Nguo yetu tulikuwa tumeifua, tumeipiga pasi, na kuiita nasaba bora.

Lakini nyumba haikukaa kungoja ijue sababu. Wakati wanaume walipokuwa wakibishana kuhusu radi, wanawake jikoni na kisimani walikuwa wakitengeneza lugha. Kwetu kila mtu husema kwa mikono, anayesikia na asiyesikia. Si ile lugha ya alama inayofundishwa katika shule za viziwi. Hii ni yetu, imepikwa nyumbani na ina utovu wa adabu wa nyumbani. Mtu wa bara ni mkono unaopangusa jasho kwenye paji la uso. Chifu ni mkono unaopapasa tumbo. Jamaa zetu walioko kambi ya Dagahaley, wanaoishi kwa posho, zamani walikuwa vidole viwili vinavyotoboa kadi. Tangu kadi zibadilishwe na watu waanze kupimwa alama za vidole, wamekuwa kidole gumba kinachobonyeza hewa. Mimi ninaitwa kwa kuuma mdomo wa chini, kwa sababu hufanya hivyo ninapozuia jibu. Eddo husema jina hilo nimepewa kwa upendeleo, maana majibu ninayozuia ni machache.

Watu huwahurumia viziwi kwa ukimya wanaoishi ndani yake. Mwenye huruma hiyo hajamwona Eddo akisengenya. Mgeni ameketi, anasifiwa kwa mdomo, anaongezwa nyama, na pembeni mikono ya Eddo inaeleza jinsi alivyomwacha mke wa kwanza na mahali alipoazima koti. Nimekua nikicheka kwa kuuma shuka. Hata sokoni mikono hiyo ilitufaa. Katika soko la mifugo wauzaji na wanunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kutajiana bei kwa kubana vidole, mtu wa tatu asijue. Wanaume wa kwetu wanaogopwa katika shughuli hiyo. Vidole vyao vimekuwa vikizungumza tangu hawajaota meno. Wazee husema ni damu ya babu, na Eddo akitafsiriwa maneno hayo hutema mate.

Hapo ndipo somo langu linaponichekesha. Katika nyumba nyingine msichana kiziwi hukaa pembeni akifua nguo za wadogo zake wanaoolewa. Kwetu huolewa kama mwingine yeyote, maana binamu yeyote anaweza kumbembeleza, na yeye anaweza kumtukana binamu huyo kwa ufasaha mpaka ampende. Wakioana wanazaa, na watoto wanaosikia wanabeba ndani yao kile wasichokijua. Uziwi ulizaa lugha, lugha ikazaa ndoa, ndoa ikarudisha uziwi, na kila uziwi uliporudi lugha ilizidi utamu. Ukiniuliza damu inaishia wapi na malezi yanaanzia wapi katika duara hilo, mimi niliyesomea mambo haya nitauma mdomo.

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuuliza swali hilo. Yeye ni dalali wa mifugo, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, na alikuwa akiamini radi na helikopta kwa usawa. Mambo yalibadilika alipompata mjukuu wake wa kwanza. Kijana wake wa kiume alikuwa amemwoa binti wa ami, kama kawaida yetu, na mtoto wao alilala fofofo hata nyumba ya jirani ilipokuwa ikibomolewa. Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana wa bara mwenye subira iliyochoka.

"Hii mtoto iko fizuri," kaka alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nabiga makofi, yeye nageuka."

Daktari akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto akaendelea kutazama feni.

"Labda hajabenda hiyo makofi," kaka akasema.

"Mzee, baba na mama wa mtoto wana undugu?"

"Undugu kabisa!" Kaka alijivuna, akadhani anasifiwa. "Watoto wa ndugu. Sisi hachanganyi na watu."

Daktari akavuta kiti. Akamweleza, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, kwamba kila mtoto hupokea nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Kuna aina ya uziwi ambayo nakala moja haiwezi kuileta. Mtu huibeba, anasikia vizuri, anazeeka, anakufa, hajui. Zikikutana mbili ndipo mtoto hasikii. Na watu wa nyumba moja hubeba vitu vya namna moja, kwa hiyo wakioana zinakutana mara nyingi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kwenye tuktuk ya kurudi alihesabu ndoa za ukoo kwa vidole, na mimi nilimhurumia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimkosea babu heshima hata kwa kufikiri.

Huruma yangu haikudumu. Kabla ya Ijumaa alikuwa mwanazuoni wa vinasaba. Alitumiwa video kwenye simu, akazituma kwa ukoo mzima, akanieleza mimi kazi yangu. Kisha akaita mkutano wa familia, tukakaa kwenye mikeka uani baada ya swala ya alasiri, na akasimama. Alisema kuanzia siku ile hakuna binamu kumwoa binamu. "Ngamia zetu," alisema kwa mdomo na kwa mikono, "tangu zamani hatuachi dume lipande binti zake. Tunaazima dume kwa watu wengine. Ngamia tuliwaonea huruma, watoto wetu hatukuwaonea."

Ilikuwa hotuba nzuri, tena ya kweli, na niliifurahia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Halafu akafika kwa binti yake.

Binti huyo, yule wa helikopta, alikuwa ameshaposwa na mtoto wa dada yetu. Desturi yetu humpa kijana haki ya kwanza juu ya binti wa mjomba wake. Tunaiita absuma, na ndoa nyingi za absuma nimeziona zikiendeshwa na haki peke yake. Hii ilikuwa na zaidi. Kijana anasikia na anaendesha tuktuk. Kila adhuhuri alikuwa akiegesha mbele ya lango, na wawili hao wakigombana kupitia kioo cha mbele, yeye ndani na msichana barabarani, mikono ikiruka, mpaka wapita njia wakadhani wanafukuza nyuki. Walikuwa wakigombea jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Msichana hupaka maharusi hina, ana mkono wa haraka katika kazi na katika matusi, na sijamwona mtu aliyemshinda kwa maneno zaidi ya Eddo, aliyemfundisha.

Kaka alitangaza kwamba uchumba huo umevunjika. Ameshapata damu mpya. Aliitaja kama mtu anayetaja gari jipya. Ilikuwa Griftu, kule Wajir, kwa mfanyabiashara wa mifugo waliyejuana sokoni. Ukoo mwingine kabisa, ukihesabu mababu mpaka upoteze pumzi hamkutani. Kijana wao ana ngamia, ana dini, hali miraa. Watu wote uani walimgeukia msichana. Yeye alikuwa akimtazama baba yake kama anayesubiri amalize mzaha.

Eddo ndiye aliyejibu. Alijiinua kwa goti lake bovu, akahakikisha kila mtu anamwona, na mikono yake ikaenda polepole, jambo ambalo hatujalizoea.

"Dume la ngamia huazimwa, linafanya kazi, linarudi kwao. Wewe unapeleka jike, na halirudi. Jioni atazungumza na nani?"

"Atajifunza," kaka akasema.

"Yeye anajua tayari. Hao je?"

Kaka akageuza uso, na kwetu kugeuza uso mbele ya anayesema kwa mikono ni sawa na kumziba mtu mdomo. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nilimwambia uko sawa kuhusu damu na umekosea kuhusu msichana. Wapelekwe Nairobi, yeye na kijana wa tuktuk, wapimwe, waambiwe wanabeba nini, kisha waamue wenyewe kama watu wazima.

"Vipimo ni mambo ya wazungu, walaal," akaniambia, maana kwetu dada na kaka wote ni walaal.

"Na vinasaba ulivyojifunza juzi ni mambo ya nani? Ya babu?"

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Ninawaona mitaani viziwi wa nyumba nyingine. Huitwa kwa kurushiwa kijiwe. Niliogopa kwamba msichana ambaye hapa hakuna anayeweza kumnyamazisha angefika Griftu awe bubu mchana uleule, na kwamba angezeeka hivyo, na baba yake angetutumia video kutueleza faida zake.

Safari ikapangwa ya wanaume kwenda kukamilisha posa. Eddo akasema hampeleki mtoto kwenye nyumba ambayo jiko lake hajaliona, akapanda gari. Kisha akampandisha msichana. Binti kupelekwa kwa mchumba kabla ya nikaha ni aibu ambayo wazee wangeizungumza mpaka mvua ijayo, na kaka alifoka, lakini Eddo akifumba macho huwezi kumfokea, akifumba, hayupo. Na mtu aliyekuwa wa kisasa tangu wiki chache zilizopita angeshikilia aibu gani? Nami nikapanda, kwa kuwa lazima awepo wa kutafsiri.

Barabara ya Wajir ni ndefu na haina la kutazama isipokuwa wenzako. Sisi watatu tulikaa nyuma, tukamsengenya kaka aliyekaa mbele na dereva. Alikuwa akitusoma kwenye kioo kidogo cha gari. Eddo akatundika mtandio wake kwenye kiti cha kaka, nyuma ya kichwa chake, tukaendelea. Msichana alitueleza jinsi atakavyojifanya ana wazimu, akatuonyesha aina mbalimbali za wazimu, na tulicheka mpaka dereva akauliza kama kuna mgonjwa. Tulilala Wajir kwa jamaa zetu. Asubuhi, tulipoanza kuelekea Griftu, aliacha kuchekesha. Akachukua mkono wangu, akauweka mapajani mwake, akaushika mpaka tukafika.

Watu wa Griftu walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Walikuwa wamechinja. Wanaume walikaa kwenye mikeka barazani, chini ya mabati, na sisi tukapelekwa ndani. Kijana mwenyewe alikuja kutuamkia, mpole, macho chini, na nilitaka sana kumchukia lakini hakunipa nafasi. Alipofika kwa msichana akasita. Kisha akamsalimia kwa kupaza sauti, neno moja moja, kana kwamba msichana alikuwa ng'ambo ya mto Daua. "HABARI. YA. SAFARI." Mbuzi nje wakanyamaza.

Mama yake alikuwa mwanamke mnene wa kicheko, na nilimpenda papo hapo. Alitumiminia chai yenye maziwa ya ngamia, akatupa mito ya kuegemea, akamtazama msichana kwa furaha ya kweli. Halafu akanigeukia mimi.

"Anajua kupika?"

"Mwulize."

"Nitamwulizaje, abaayo, dada yangu?" Na akacheka, bila ubaya wowote.

Msichana husoma midomo kidogo. "Mwambie napika sumu," mikono yake ikasema, uso ukitabasamu kwa adabu.

"Anasema anapika vizuri," nikatafsiri.

Eddo aliinuka kutafuta maji ya kutawadha, akapita nyuma kuelekea jikoni. Hakurudi. Nilipoanza kuwa na wasiwasi alitokea mlangoni, akanishika kiwiko bila kusema kitu, akanivuta. Msichana akatufuata.

Jiko lilikuwa banda la nyuma. Mwanamke wa umri wangu alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria kwa mchanga. Eddo akaokota mfuniko wa bati, akauangusha kwenye jiwe makusudi. Niliruka mimi. Kuku wakakimbia. Mwanamke hakuinua kichwa.

"Huyo ni binti yangu mkubwa," mama mwenye nyumba alisema nyuma yetu. Kicheko kilikuwa kimepungua. "Hasikii. Ilikuwa homa, alipokuwa mdogo. Hakupata mume, nani angemwoa? Ananisaidia mimi. Hatukutaka kuwachosha na habari zake."

Eddo akazunguka, akachuchumaa mbele yake kwa goti lile bovu. Akamwamkia. Akamwuliza jina lake, akamwambia lake, akamwuliza ana ndugu wangapi, kazi haimchoshi? Mwanamke aliutazama uso wa Eddo, kisha mikono, kisha uso tena, kama mtu anayetazama mgeni akifukuza nzi. Eddo akarudia polepole. Akarudia kwa maneno madogo, ya watoto. Hakuna kilichofika. Si kwamba hakuijua lugha yetu, maana ya kwetu hakuna wa Griftu anayeijua. Hakujua kwamba mikono inaweza kuwa na lugha. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo lolote, tangu utotoni, na hakuna alichowahi kusema. Alisubiri kidogo, kwa heshima, akarudi kwenye sufuria yake.

Eddo alibaki amechuchumaa, mikono magotini. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Msichana hakulia. Alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, alitazama namna alivyochuchumaa, vidole vyake vilivyopasuka kwa majivu, kisha akatoka, akapita ndani ya nyumba, akaenda mpaka barazani mbele ya wanaume wote na kumwambia baba yake kwa mkono mmoja: njoo.

Kaka akaja. Akaona. Nilikuwa nimejiandaa kuona huzuni kwenye uso wake, na kwa sekunde moja nadhani ilipita. Kisha akaja yule mwanazuoni.

"Damu ileile!" akaninong'oneza. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeuziwa ngamia mwenye kikohozi. "Hata huku! Wametuficha, walaal. Nimekuja mbali kote huku kutafuta damu mpya, kumbe ni ileile!"

Ningeweza kumwambia kwamba homa huziba masikio bila kuuliza nasaba ya mtu, na kwamba ikiwa ni damu huenda ni nyingine kabisa, na kwamba hatujui. Ningeweza kumwambia kwamba kama kweli ni ileile, basi tazama, nyumba mbili, damu moja, na tofauti yote imechuchumaa pale mbele yako na sufuria mkononi. Sikumwambia. Upumbavu wake ulikuwa unatupeleka tulikotaka kwenda, na mtu haulizi njia punda akishaelekea nyumbani.

Akamgeukia binti yake. Mikono yake mikubwa ya sokoni ikasema haraka. "Tunarudi. Hii imekwisha. Chukua dereva wako wa tuktuk. Lakini ukizaa kiziwi, usije kulia kwangu."

"Nikizaa kiziwi," msichana akasema, "nitazungumza naye."

Kaka akarudi barazani kutafuta uongo wa heshima wa kuwapa wenyeji, na nilimsikia akikohoa kabla ya kuanza.

Mama mwenye nyumba alikuwa bado mlangoni mwa banda. Alikuwa ameyaona yote.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

Nilikuwa nimechoka kutafsiri sumu kuwa mapishi. Nikamwambia neno kwa neno, hata lile la mwisho. Nilitarajia anitukane. Akaketi juu ya jerikani la maji.

"Huyo msichana alifundishwa lini?"

"Tangu ananyonya."

"Na nani?"

"Sote. Hakuna aliyekaa kumfundisha. Tulikuwa tunazungumza tu."

Akamtazama binti yake aliyetupa mgongo. "Huyu wangu ana akili, wallahi," akasema haraka, kana kwamba nimebisha. "Ukimwonyesha kazi mara moja, ameishika." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Nikitaka kumwuliza kitu, nianze na nini?"

"Anza na jambo dogo," nikasema. "Mwulize kama amekula."

Msichana wetu, aliyekuwa akinitazama midomo, akamwendea mama yule na kumwonyesha. Vidole vinakusanywa, vinapelekwa mdomoni, na nyusi zinainuliwa. Nyusi ndizo zinazofanya liwe swali. Mama akajaribu. Msichana akamsahihisha nyusi kwa vidole vyake vyenye hina. Mama akajaribu tena, akapata.

Akafuta mikono kwenye gauni, akachuchumaa mbele ya binti yake, akamgusa bega. Binti akainua macho. Mama akakusanya vidole, akavipeleka mdomoni, na akainua nyusi juu kabisa, kadiri alivyoweza.

Binti akaweka sufuria chini, akainuka haraka, akaenda kumpakulia mama yake wali.